Havipo, au havijaonekana?

Kwenye karatasi ya majibu ya BS, kipimo cha kutafuta malaria kwenye damu kwa hadubini, mtaalamu wa maabara akimaliza kusoma kioo na asione kitu, huandika herufi nne: NMPS. Maana yake ni kwamba vimelea vya malaria havijaonekana. Karatasi ikifika chumba cha daktari, ambacho aghalabu kiko hatua ishirini tu kutoka maabara, herufi hizo husomwa kwa mgonjwa hivi: "Huna malaria." Mgonjwa naye akifika nyumbani anawaambia wenzake, "Nimepima, si malaria." Katika safari hiyo fupi kuna kitu kimedondoka njiani, nacho ni ile -ja- ya "havijaonekana". Bahati nzuri lugha yetu inacho kiambishi hicho. "Havipo" hufunga mlango. "Havijaonekana" huuacha wazi. Mtaalamu wa maabara hakusema havipo. Hana uwezo wa kusema hivyo, na hakuna kifaa kitakachompa uwezo huo.

Tuhesabu alichokiona. Tone nene la damu limekaushwa kwenye kioo, likatiwa rangi ya Giemsa: dakika 10 ikiwa rangi ni ya asilimia 10, au dakika 30 hadi 45 ikiwa ni ya asilimia 3. Kioo kinawekwa chini ya hadubini, lenzi ya kukuza mara 100 pamoja na tone la mafuta, na msomaji anakisogeza duara kwa duara. Kanuni inamtaka apitie angalau maduara 100 kabla ya kuandika NMPS. Maduara hayo 100, kazi ikifanywa bila kulipua, ni kama robo ya maikrolita ya damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi, yaani maikrolita milioni 5. Kwa hiyo aliyesema "havijaonekana" ametazama sehemu moja kati ya milioni 20 ya damu ya mgonjwa.

Sasa mchukue mgonjwa mwenye vimelea 40 katika kila maikrolita. Kwenye robo maikrolita tutarajie kama 10, na msomaji makini hawezi kuvikosa vyote. Mgonjwa mwenye vimelea 4 kwa maikrolita ni habari nyingine. Wastani wake ni kimelea kimoja tu katika maduara yote 100, na hesabu ya bahati nasibu inasema kwamba ukitengeneza vioo 100 kutokana na damu yake ileile, vioo 37 hivi havitakuwa na hata kimoja. Si kwamba msomaji alisinzia. Kwenye vile vioo 37 hapakuwa na cha kuona. (Na hapo nimekadiria kwa ukarimu, kwa sababu sehemu ya vimelea husombwa na maji wakati wa kupaka na kusuuza rangi.)

Hapa ndipo mijadala mingi kuhusu "vipimo visivyoaminika" inapopotoka. Kuna kutojua kunakotibika kwa bidii: rangi iliyochakaa, tone jembamba kupita kiasi, lenzi chafu, msomaji aliyechoka mwenye foleni ya vioo sitini. Katika utafiti, kila kioo husomwa na watu wawili wasioonyeshana majibu, na wakitofautiana huitwa wa tatu. Utaratibu huo ni mzuri na hupunguza makosa ya macho. Lakini kuna kutojua kwingine ambako bidii haifui dafu. Msomaji wa tatu haongezi damu kwenye kioo. Watu wawili hodari wanaweza kusoma vioo viwili vya mgonjwa mmoja, mmoja akasema vipo na mwingine akasema havijaonekana, na wote wawili wakawa sahihi.

Kisha kuna suala la saa. Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria nyingi na kali zaidi kwetu, huishi ndani ya chembe nyekundu kwa mzunguko wa saa 48 hivi. Katika nusu ya pili ya mzunguko huo, chembe zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya viungo vya ndani, ubongo ukiwemo, na kwa mjamzito kwenye kondo la nyuma. Damu ya kidole haitaonyesha vilivyojibanza huko. Mtu yuleyule anaweza kuwa na kioo kitupu leo saa nne asubuhi na kioo chenye vimelea kesho saa hizohizo. Ndiyo maana shaka ikibaki, kipimo hurudiwa baada ya saa 12 hadi 24, na mara nyingine mara ya tatu. Kurudia huko si dalili kwamba maabara haijui kazi.

Na ile namba? "Nimekutwa na malaria tano," mtu husema, na wasikilizaji hutikisa kichwa kwa huruma kubwa kuliko ambayo wangempa mwenye malaria mbili. Tano ya nini? Kama ni alama za kujumlisha, mwisho wake ni nne: moja ni vimelea 1 hadi 10 katika maduara 100, nne ni zaidi ya 10 katika kila duara. Kama ni hesabu, huenda ni vimelea vilivyohesabiwa wakati msomaji akifikisha seli nyeupe 200. Hesabu hiyo hugeuzwa kuwa idadi kwa maikrolita kwa kuchukulia kwamba kila binadamu ana seli nyeupe 8,000 katika maikrolita, hivyo kila kimelea kilichoonekana huhesabiwa kuwa 40. Mwenye seli 4,000 atakuwa ameandikiwa mara mbili ya alichonacho. Mwenye 12,000 atakuwa amepunjwa. Namba imetoka kwenye dhana nayo imeandikwa kwa wino uleule unaoandikia jina na umri. Tena mtu mzima aliyekulia kwenye malaria anaweza kutembea na vimelea vingi bila kuhisi lolote, wakati mtalii mwenye vichache akawa hoi kitandani.

Wengi siku hizi hawasomewi kioo. Wanapimwa kwa mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, kile kipande cha plastiki chenye mistari. Damu inayotakiwa ni maikrolita 5, na bafa, kile kimiminika kinachokuja na kipimo, ni matone 2 hadi 5 kutegemea aina, karatasi ya maelekezo ikiwa ndiyo hakimu. Jibu husomwa baada ya dakika 15 au 20. Mambo yanayoharibu kazi ni madogo mno kiasi kwamba hayatiliwi maanani. Pakiti imefunguliwa asubuhi ikatumika mchana, na unyevunyevu umeingia. Boksi limekaa kwenye stoo ya bati inayopita nyuzi 40. Chupa ya bafa imeisha, mhudumu akaazima ya boksi la kampuni nyingine, au mbaya zaidi akatia maji, na maji huweza kuchora mstari wa uongo. Kipande kimesahaulika mezani saa nzima, damu imeanza kurudi nyuma, na kivuli kimetokea mahali pa T, mstari unaoonyesha malaria. Mstari hafifu wa T uliosomwa ndani ya muda ni chanya. Mstari huohuo ukitokea baada ya saa nzima si jibu la chochote.

Hata kila kitu kikienda sawa, swali linabaki: mstari huo unasema nini hasa? Vipande vingi vinavyotumika Afrika vinanasa protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea huiachia kwenye damu. Hiyo ina faida moja kubwa. Vimelea vikijibanza kwenye mishipa ya ndani, protini yao bado huzunguka, hivyo kioo kinaweza kuwa kitupu na mRDT ikawa chanya bila yeyote kukosea. Hasara yake ni kwamba protini hubaki baada ya mwenyewe kuondoka. Mtu aliyemaliza dozi ya dawa mseto ya malaria na kupona anaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa, pengine zaidi ya mwezi. Akipata mafua katika kipindi hicho na kupimwa, ataambiwa malaria imerudi au dawa imeshindwa. Swali la kwanza kwa mwenye mRDT chanya linapaswa kuwa, "Mara ya mwisho ulitumia lini dawa ya malaria?" Ni swali la sekunde tano, halina gharama, na hurukwa kila siku.

Upande wa pili ni vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo. Viligunduliwa kwanza katika msitu wa Amazon nchini Peru, na taarifa ikachapishwa mwaka 2010. Miaka michache baadaye Eritrea ilijikuta na wagonjwa waliojaa vimelea kwenye hadubini huku mRDT ikiwaambia hawana kitu, ikalazimika kubadilisha aina ya kipimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kizingiti: kama asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum wanakosewa kwa sababu hiyo, nchi ibadilishe vipande. Ona kwamba hakuna aliyetengeneza kipimo vibaya. Kimelea kimebadilika, na kipimo kimebaki kikiuliza swali la zamani.

Jambo linalowashinda hata wataalamu kulikubali ni hili: mstari uleule, kwenye kipande kilekile, una uzito tofauti ukiusoma Arusha na ukiusoma Tabora. Tuchukue kwa mfano tu kipimo kinachowagundua wagonjwa 95 kati ya 100, na kinachowaachia huru wasio na malaria 95 kati ya 100. Wapime watu 1,000 wenye homa mahali ambapo 20 tu kati yao ndio wenye malaria. Wagonjwa 19 watatoka chanya, lakini na wasio wagonjwa 49 watatoka chanya pia, kwa kuwa wako 980. Waliopata mistari miwili ni 68, na wenye malaria kweli ni 19: chini ya theluthi. Hamisha boksi hilohilo mahali ambapo 400 kati ya 1,000 wanaumwa. Chanya za kweli zinakuwa 380, za uongo 30. Sasa zaidi ya 9 kati ya 10 ni kweli. Upande wa hasi mambo yanageuka: kule kwa kwanza aliyekosewa ni mmoja kati ya hasi 932, huku kwa pili ni 20 kati ya hasi 590.

Mfano huu haujatoka hewani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto wenye malaria Tanzania Bara ni takriban asilimia 8, lakini nyuma ya wastani huo kuna mikoa kama Kilimanjaro na Arusha iliyo chini ya asilimia 1, na Tabora iliyopita asilimia 20. Kwa hiyo daktari anayeangalia mistari bila kuuliza mgonjwa ametoka wapi na alilala wapi wiki mbili zilizopita anasoma nusu ya jibu. Nusu nyingine haiko kwenye plastiki.

Mtu atasema: basi tutafute kipimo kikali zaidi. Kipo. PCR hunasa vinasaba vya kimelea hata kikiwa chini ya kimoja kwa maikrolita. Ukiipeleka kwenye kijiji chenye malaria nyingi, itakuonyesha umati wa watu wenye vimelea ambao wako shambani wanalima, hawana habari. Kwa anayetaka kutokomeza malaria, hiyo ni taarifa ya dhahabu. Kwa mama aliyebeba mtoto mwenye homa, ni kero. Swali lake halikuwa "je, mtoto ana kimelea hata kimoja?" Alitaka kujua nini kinamchoma mtoto. Kipimo kikali kimejibu swali la kwanza kwa usahihi mkubwa na kulisogeza la pili mbali zaidi, maana sasa ana jibu chanya lisilomwambia kama ndilo chanzo. Homa ni moshi, na kupata kiberiti ndani ya nyumba hakuthibitishi kwamba ndicho kilichowasha moto. Nadhani hapa ndipo penye mpaka halisi wa utafutaji huu, na teknolojia haiusogezi.

Kuna utafiti ambao ulijaribu kulijibu swali la mama kwa nguvu zote. Ulifanyika mwaka 2008 kwa watoto 1,005 wenye homa waliokuja kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakachapishwa 2014. Walipimwa damu, majimaji ya puani, mkojo, wakapigwa picha za kifua walipohitaji, na sampuli zikatafutwa virusi na bakteria kwa wingi ambao hakuna zahanati ingeuota. Waliokuwa na malaria walikuwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa asilimia 62, mengi yakiwa ya virusi. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na jibu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Na baada ya kazi yote hiyo, asilimia 3.2 hawakupatikana na chanzo chochote. Asilimia hiyo ndogo huwa naiona kuwa sehemu ya uaminifu kuliko zote katika ripoti nzima.

Kwenye zahanati ya kawaida 3.2 hiyo haipo. Kila anayeingia hutoka na jina. Malaria ikiwa hasi, jina linalofuata ni taifodi au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na mara nyingi yote mawili. Taifodi hupatikana kwa Widal, kipimo cha tangu 1896 kinachopima kingamwili, siyo bakteria. Kingamwili hizo huweza kuwa zimebaki kutokana na ugonjwa wa zamani, au zimechochewa na bakteria wengine wa ukoo huo. Ili Widal iwe na maana inatakiwa damu ichukuliwe mara mbili, kwa kupishana siku 10 hadi 14, na kiwango kiwe kimepanda mara nne. Nani amewahi kuambiwa arudi baada ya siku 10 kwa ajili ya Widal ya pili? Kuotesha damu ndiko kipimo chenyewe, lakini huchukua siku kadhaa na hunasa takriban wagonjwa 6 kati ya 10 tu. UTI nayo hutokana na mkojo uliokingwa ovyo: mgonjwa hakuambiwa ajisafishe, hakuambiwa aache mkojo wa mwanzo upite ndipo akinge wa katikati. Seli chache za usaha zikaonekana, antibayotiki ikaandikwa. Katika ule utafiti wa watoto, taifodi ilikuwa asilimia 3.7 na UTI 5.9.

Kosa hili si la daktari peke yake. Mgonjwa aliyelipa nauli, akalipa kumwona daktari, akalipa maabara, akiambiwa "sijajua" huona ameibiwa, na jioni yuko duka la dawa akinunua mseto na siprofloksasini kwa mkupuo. Mwenye kituo anajua hilo. Hivyo jina hutolewa kama risiti.

Gharama ya jina lisilo lake inajulikana. Utafiti uliochapishwa 2004 kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Vioo vyao viliposomwa kwa uangalifu, wenye vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46.1. Miongoni mwao walifariki 142, sawa na asilimia 6.9. Miongoni mwa wale 2,412 wasioonekana na vimelea walifariki 292, asilimia 12.1. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba wote wangepona kwa matibabu mengine. Zinaonyesha kwamba penye neno "malaria" watu waliacha kutafuta, na waliokuwa na kitu kingine ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaagiza kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya dawa. Ilikuwa hatua kubwa mbele. Lakini kipimo kikiwa hasi na daktari akaandika mseto hivyohivyo "kwa tahadhari", tumenunua kipimo cha kupamba faili.

Kukubali kutojua si kukaa mikono mapajani. Mgonjwa mwenye degedege, asiyejitambua, aliyepauka, hangojei uhakika: anaanzishiwa dawa ya sindano ya malaria pamoja na antibayotiki, na majibu yatamkuta njiani. Hapo kukosea kwa kutibu ni nafuu kuliko kukosea kwa kungoja. Kwa mtoto wa miezi 14 anayecheka, mwenye homa ya jana, mizani ni tofauti, na maneno yanayomfaa mama yake ni kama haya: "Mama, kipimo hakijaona malaria. Nimehesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia, ni 34. Kwa umri wake ningekuwa na wasiwasi zikifika 40. Ananyonya, shingo haijakaza. Kinachomletea homa sijakijua. Kwa watoto wa hivi mara nyingi ni virusi, na huondoka vyenyewe. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea usiweze kumzindua, mlete hata usiku wa manane. Vinginevyo keshokutwa homa ikiwa bado ipo, rudi nimpime tena." Maneno hayo huchukua chini ya dakika moja. Yana namba, yana siku ya kurudi, yana dalili za kuangalia, na yana ile -ja- iliyodondoka kati ya maabara na chumba cha daktari.

Chombo chenye adabu kuliko vyote kwenye safari hii ni kile kipande cha plastiki. Mstari wa C, unaothibitisha kwamba kipande kimefanya kazi, usipotokea, hakisemi chanya wala hasi. Kinasema batili, chukua kingine. Na orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, ina namba ya kujazwa kwenye faili la mtoto yule wa miezi 14, R50.9, homa ambayo chanzo chake hakijabainishwa. Inachukua nafasi ileile ya "malaria" kwenye karatasi, na chini yake pana mstari mtupu wa kuandika tarehe ya kurudi.